Mguu wa Mjomba Kondo

Kwanza kaa vizuri, mwanangu, maana habari ya kutu haisimuliwi mtu amesimama mlangoni. Wenzangu wakikumbuka usichana wao hutaja kanga, manukato na maneno matamu ya wachumba. Mimi hukumbuka Ijumaa moja baada ya sala, Mjomba Kondo alipotumbukiza mguu mzima kwenye sakafu ya motokaa ya mchumba wangu, mbele ya mtaa mzima. Cheka tu. Nami nilikuja kucheka, ila si siku ile.

Enzi hizo aliyetawala ni Mwingereza. Vita vya Mjerumani vya kwanza vilishapita na vya pili vilikuwa havijaja, na mji ulikuwa umetulia kidogo, watu wanapumua. Sisi tulikaa Kariakoo, nyumba ya udongo yenye kibaraza mbele na paa la madebe yaliyopondwa. Mvua ikinyesha hatukusikiana, ikabidi tuongee kwa mikono. Baba na mama wote Wazaramo. Mjomba Kondo, ndugu yake mama, alikuwa na meza yake sokoni ya chumvi na papa mkavu, na ulimi wake ulikuwa na chumvi kuliko hiyo aliyoiuza.

Mchumba wangu aliitwa Kasimu. Huyo ni babu yako, usinitolee macho, naye alikuwa kijana siku moja. Kasimu alikuwa Mnyamwezi. Baba yake aliingia mjini kutoka Tabora na mzigo kichwani, naye mwenyewe alianza utingo, akaja kuwa dereva. Sasa ninyi wa siku hizi mnadhani utani ni kuchekeshana tu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu. Mtani wako atakutukana na humkasirikii. Atachukua jembe lako akalikalia mpaka umkomboe kwa jogoo. Ukifa, yeye ndiye atakayekuzika, na atakucheka kaburini. Kwa hiyo Kasimu alipoleta posa kwetu alijua anaoa kwenye pango la simba. Mjomba alikuwa akimwambia kila siku kwamba Wanyamwezi wanaoa ili wapate mtu wa kuwapokea mizigo, na Kasimu anamjibu kuwa Wazaramo wanaozesha ili wapate pa kwenda kupiga ngoma.

Kasimu alikuwa amenunua kimotokaa chakavu cha mizigo, hicho mnachoita pikapu. Kilikuwa kimelala mtaa wa Gerezani nyuma ya karakana, kuku wanatagia ndani. Mwenyewe akakiamsha. Injini aliifungua yote akaiosha kwa mafuta ya taa, akaifunga tena, ikakohoa, ikakubali. Viti akashona upya kwa turubali. Bodi akaipaka rangi ya kijani, kijani cha kasuku, mpaka wapita njia wakawa wanasimama. Akipita nacho Msimbazi alikuwa anakwenda polepole makusudi ili wote tuone, na mimi nilikuwa nikiona, nisikudanganye.

Palibaki sakafu tu, pale dereva na abiria wanapoweka miguu. Hapo palikuwa pameliwa na kutu. Kasimu akabandika vipande vya debe juu ya matundu, akavigonga misumari, kisha akamtuma dada yake kwangu: naomba unisukie mkeka wa kutandika chini, uwe mzuri, maana atakayeukanyaga ni bibi yako. Nikausuka kwa ukindu wa rangi mbili, na moyo wangu wote. Kilichokuwa chini ya mkeka sikukijua.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Kisarawe, juu kule mlimani. Yeye ndiye aliyenilea mpaka nikavunja ungo. Miguu yake ilikuwa imekwisha, hatembei ila kwa kushikwa. Nami nilikuwa nimeshasema ndani ya nyumba, tena kwa sauti, kwamba siolewi kama Bibi hayupo kunipa radhi. Treni ilikuwapo, lakini kutoka stesheni hadi kwake ni milima na mchanga, nani atambeba? Ndipo Kasimu akajitolea: nitamfuata mimi na motokaa yangu. Baba akafurahi, harusi ikapangwa mwezi wa Shaabani, maana Ramadhani ilikuwa inabisha hodi na ndani ya mwezi mtukufu haozwi mtu. Na shangazi yangu alikuwa na mtu wake kibindoni, mgane mmoja mwenye duka la nguo na meno machache, anasubiri tu Mnyamwezi ateleze. Kwa hiyo kila kitu, mwanangu, mume, Bibi na radhi, kilikuwa kimekalia kile kimotokaa.

Mjomba Kondo alikuwa akikijua kimotokaa hicho. Kabla hakijatupwa Gerezani ndicho kilichokuwa kinamletea chumvi sokoni, magunia yanavuja maji ya chumvi mchana kutwa. Akamwambia Kasimu kibarazani wakinywa kahawa: chini kumeoza huko, chumvi ikishaanza kula chuma haishibi. Kasimu akacheka. Akamjibu, mambo ya chuma tuachieni sisi, ninyi shughulikeni na nazi zenu. Kibaraza kizima kikacheka. Mjomba akarudia siku nyingine, akarudia sokoni mbele za watu, na kila akisema watu wanashika mbavu na Kasimu anamrushia lake. Kosa hilo, mwanangu, ni letu sisi wenye watani, wengine hawalijui. Tumezoea maneno ya mtani yaingie sikio hili yatokee lile. Mtu anakwambia nyumba yako inaungua, nawe unatafuta namna ya kumjibu.

Basi ikafika Ijumaa hiyo. Kasimu alikileta kimotokaa mbele ya nyumba ili Baba akikague kabla ya safari ya Kisarawe. Mimi mwari, niko ndani, lakini dirisha lina mwanya na jicho halina adabu. Nikaona mkeka wangu umetandikwa, unapendeza. Baba akazunguka, akagonga gonga bodi kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Majirani wamejaa. Mjomba Kondo akatoka katikati yao na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akasema hata yeye anataka kuonja kiti cha bibi harusi mkubwa, yule kikongwe wa Kisarawe. Akapanda, akakaa, akajinyoosha kama gavana. Kisha akainua mguu wake wa kulia akakanyaga chini, pu!

Mguu ukapita kwenye mkeka, ukapita kwenye debe, ukatokea chini ya gari hadi gotini, ndala ikaanguka mchangani. Kuku aliyekuwa amelala kivulini chini ya gari akatoka mbio anapiga kelele. Halafu watu wakacheka, wengine mpaka wakakaa chini. Mimi nilikuwa naangalia mkeka wangu uliochanika, na ule mguu, nikaona mguu wa Bibi.

Kasimu akakimbia kumnasua. Mjomba akamzuia kwa mkono. Akakaa vilevile, mguu shimoni, damu kidogo inachuruzika kwenye muundi, akasubiri kicheko kiishe. Nakwambia sijawahi kumwona Mjomba anasubiri kicheko kiishe. Kisha akasema, tena kwa sauti ya chini:

"Kasimu. Ningekwambia kwa heshima, ungekasirika. Nimekwambia kwa utani, umecheka. Sasa nifundishe wewe mwenyewe, nikwambie kwa lugha gani?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga wamesema, lakini hawakusema guu la nani. Hapa alikuwa anakaribia kuvunjika aliyesema, na angevunjika kikongwe asiyejua lolote. Baba akasema mama yake hapandi kitu hicho, akaingia ndani. Shangazi akajitengeneza kanga yake, uso umemng'aa. Nami nikamwambia mama kwa hasira, posa yake irudishwe, sitaki mtu anayetandika mkeka wangu juu ya kuoza. Mama akanijibu, hasira zako zina haki, ila mtu humjui kwa alivyokosea, ngoja umwone anavyofanya baada ya kukosea. Nikarudi kwenye mwanya wangu.

Mjomba alikuwa bado hajatoka. Alitangaza kwamba yeye ni mtani na gari hili amelikamata, halitoki hapa, wala jogoo hataki. Kikombozi chake ni sakafu. Ing'olewe yote, palepale, watu wakiona, na iwekwe mpya ya chuma kizima, ndipo atamwachia Mnyamwezi gari na mke. Kasimu alipiga magoti mchangani, akamshika ule mguu kwa mikono miwili, akausukuma juu taratibu mpaka ukatoka. Hakujitetea. Aliukunja mkeka wangu akauweka kibarazani, akavua shati la Ijumaa, akaomba nyundo.

Mwanangu, wewe hujaona kazi ikageuka sherehe. Jumamosi asubuhi alifika Fundi Saidi kutoka Gerezani, mtu wa makarai na ndoo, na tindo zake za kukatia chuma begani. Rafiki za Kasimu wakaja wakivingirisha pipa tupu la mafuta barabarani, linanguruma mtaa mzima. Wakalikata, wakalifungua, wakaanza kulipiga linyooke. Kelele zake! Jirani yetu mzee Mwarabu, mwenye duka la tende, alitoka kugomba kwamba hasikii hata tasbihi yake. Akaambiwa ni harusi. Akarudi ndani akatoka na sinia la tende. Wanawake waliokuwa wakitwanga mpunga uani wakayashika mapigo ya nyundo, wakaingiza wimbo wa kumsuta Mnyamwezi anayefunika mashimo, na Kasimu, jasho linamtoka, alikuwa anawaitikia kiitikio.

Mjomba alikaa kwenye kigoda na mguu wake umefungwa kitambaa, anaamuru. Akawa anagonga kila mahali kwa nyundo ndogo. Palipolia vizuri anapita, palipotoa sauti ya kufa anasema hapa napo kata. Kasimu alitaka kukata penye tundu tu. Mjomba akamwambia chuma kipya ukikishona kwenye chuma kilichooza, unajenga nyumba kwenye kinyesi cha mchwa. Wakakata mpaka wakafika kwenye chuma kinachong'aa. Shimo likawa kubwa, unaona mchanga wote chini, na mimi dirishani moyo ukanishuka. Nilidhani wanatengeneza, kumbe wanabomoa.

Mchana watu walipokwenda kula, Kasimu alibaki peke yake chini ya gari, amelala chali. Mimi tu ndiye niliyekuwa namwona. Akawa anagonga kwa chini, polepole. Mkono ukasimama. Akagonga tena palepale. Kisha akaweka nyundo chini, uso umepakaa masizi, anatazama juu. Mimi sikujua anaona nini. Nilijua tu kwamba ameona kitu ambacho hakuna mwingine amekiona, na bati jipya lilikuwa tayari, likishawekwa juu kitafunikwa milele. Harusi ilikuwa wiki ileile. Nilishika fito za dirisha, nikawa nasema moyoni, sema, Kasimu, sema.

Akatoka chini ya gari akaenda mpaka kwenye mlango wa uani, na mikono yake michafu, akaita:

"Mjomba, njoo uone. Na hapa pia pameoza."

Kilikuwa chuma cha kupitia, kile kinachobeba sakafu yenyewe kutoka upande hadi upande. Kimeliwa kwa ndani, kwa nje kina rangi. Mjomba aliinama akakitazama, akamtazama Kasimu. Alimpigapiga tu begani. Nami kule ndani nilikaa chini nikalia kwa furaha, mama akadhani nimeumwa na nge. Kile kilichonifanya nimkubali babu yako, mwanangu, kilikuwa lile neno "na hapa pia". Rangi ya kijani iliniingia machoni tu, neno hilo liliniingia moyoni.

Sasa chuma kama kile kitatoka wapi Jumamosi jioni, maduka ya Wahindi yameshafungwa? Mjomba akaondoka anachechemea. Akarudi na watu wawili wamebeba mfumbati wa chuma, ule wa ubavuni mwa kitanda chake, kitanda alichokuwa akijivunia kuliko mke. Fundi Saidi akaukata kipimo, ukaingia kama umezaliwa pale. Wakapigilia misumari ya ribiti, wakatoboa vitundu vya kutolea maji, wakapaka rangi ya kuzuia kutu, na chini wakasiliba lami ya moto. Kesho yake Mjomba alikuwa anamlilia kila apitaye kwamba Mnyamwezi amekula kitanda chake, yeye analala chini kama mbuzi. Mkewe, nasikia, ndiye aliyelia kweli.

Jumatatu Kasimu akamwita Baba aje akanyage. Baba akakanyaga, akaruka, mtu mzima na kilemba chake anaruka ndani ya motokaa, mpaka gari likawa linayumba. Sakafu haikulia hata kidogo. Akashuka akasema, nendeni mkamlete mama yangu.

Bibi alifika jioni. Walisimulia kwamba njia nzima kutoka Kisarawe alikuwa anapiga sakafu kwa bakora yake, kama ngoma, na kumwimbisha Kasimu nyimbo za jandoni ambazo sizirudii hapa. Alipobebwa kushushwa nilisahau kama mimi ni mwari, nikatoka mbio. Akanishika uso kwa viganja vyake vikavu akaniambia, "Mume wako amebeba mifupa yangu toka mlimani, nimeihesabu, haijapungua hata mmoja." Shangazi mwenyewe alicheka. Siku ya harusi Bibi alikaa mbele, akaniwekea mkono kichwani akanipa radhi, nami mpaka leo nikifikiria mkono ule nasikia uzito wake. Ramadhani ikaandama nami niko kwangu.

Kasimu na Mjomba walitaniana miaka mingi baada ya hapo. Mjomba alikuwa akiinua kanzu kuonyesha kovu kwa kila mgeni. Lakini Kasimu alibadilika jambo moja. Mjomba akimtania, anacheka na watu, anajibu, kahawa inakwisha, kisha nyumbani usiku ananiuliza: hivi lile alilosema Mjomba leo, unadhani lina ukweli gani? Mara nyingi halikuwa na ukweli wowote, utani mtupu. Lakini aliuliza.

Halafu Mjomba akafa, kama watu wanavyokufa. Kasimu akafanya kazi ya mtani. Alivaa kofia ya marehemu, akatembea kwa kuchechemea kwake katikati ya matanga, akawagombeza wafiwa kwa sauti yake hasa, mpaka mjane wake akacheka huku machozi yanamtoka. Jeneza lilipoinuliwa akalizuia njia, kama desturi, anadai kikombozi. Watu wakamtolea jogoo. Akakataa. Wakamuuliza sasa unataka nini, mtani? Kasimu akavua ile kofia, na sauti ya Mjomba ikamtoka, ikabaki yake mwenyewe.

"Nataka kujua," alisema, "sasa nani ataniambia?"

Akaondoka njiani, akashika jeneza upande wa mbele, wakaenda.

Basi mwanangu, nimekusimulia yote haya kwa sababu nimesikia umegombana na rafiki yako kwa neno alilokutania mbele za watu. Neno lenyewe sikuuliza, wala usiniambie. Nasaha yangu ni hii. Mtu akikwambia ukweli na kicheko ndani yake, cheka naye, usimharibie, kisha nenda nyumbani kafunue mkeka utazame chini. Ukikuta pazima, alhamdulillahi, umepoteza nini? Ukikuta pameoza, usibandike debe. Kata mpaka ufike penye chuma kinacholia, hata shimo likikutisha. Na ukiwa peke yako chini huko, ukaona uozo ambao hakuna mwingine atakayeuona, toka uite mtu mwenyewe. Wa kukusifu utawapata sokoni kila siku. Wa kukwambia ni wachache, na hawakai milele. Nenda kwa rafiki yako leo, angali anakutania.

Nenda na radhi zangu, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe njia yenye heri na riziki ya halali. Asikukoseshe mtu wa kukwambia, na akupe sikio la kumsikia yungali hai. Amina.